Tukiwaita wanakuja wakidhani wamevamiwa

Niseme mapema ili usisome nusu ya makala ukijiuliza niko upande gani. Kumpigia ndege sauti ya ndege mwenzake kwenye spika ili atoke kichakani tumuone, tumpige picha, tuweke tiki kwenye listi ya ndege tuliowaona, ni kumdanganya, na uongo huo una gharama, na anayelipa ni yeye. Kuna mahali gharama ni ndogo na kuna mahali ni kubwa sana, nitafika huko, ila kwanza tukubaliane kwamba ipo, manake nimechoka kusikia watu wazima wakisema "ah, ni sauti tu, haimuumizi mtu".

Kwa ambao hamjawahi kuona inavyofanywa, ni rahisi mno. Mtu ana simu, ndani ya simu ana apu ya kutambua ndege kama Merlin, au ameshusha rekodi kutoka xeno-canto, ule mtandao ambao tangu 2005 watu wa dunia nzima wanaweka sauti za ndege bure kabisa, halafu ana kispika cha blututhi kinachoenea kwenye kiganja. Anakiweka juu ya kisiki au anakining'iniza kwenye tawi, anarudi nyuma hatua chache, anabonyeza. Zamani kufanya hivi kulitaka rekoda nzito na kanda na mtu aliyejua ndege gani analia vipi, kwa hiyo waliofanya walikuwa wachache na wengi wao walikuwa watafiti. Siku hizi yeyote mwenye bando anaweza, na anaweza asubuhi nzima, na atakayekuja kesho anaweza tena kwa ndege yuleyule.

Sasa kwa nini ndege anakuja? Wengi wanadhani anavutiwa, kama vile amesikia muziki mzuri akaja kusikiliza. Sivyo hata kidogo. Dume anapoimba alfajiri anatangaza mipaka, anawaambia madume wengine kwamba hapa pana mwenyewe na mwenyewe ana nguvu. Spika inapolia katikati ya eneo lake, anachosikia ni dume mgeni ameshavuka mpaka na ameingia ndani kabisa. Ni kama mtu asimame barazani kwako saa nane usiku akipiga kelele kwamba nyumba ni yake na mke ni wake, utatoka tu, hata kama una homa, hata kama mtoto analia ndani. Na ukitoka humuoni, sauti iko palepale lakini mtu hayupo, unazunguka nyumba, unarudi, sauti bado.

Na huku kwetu jambo lina uzito zaidi. Nchi za baridi ndege wengi wadogo wanagombania maeneo kwenye miezi yao michache ya kuzaa, ikipita wanatulia au wanahama. Kwenye tropiki ndege wengi wanalinda eneo lao mwaka mzima, tena dume na jike kwa pamoja, kwa hiyo mtu anayesema "mimi napiga nje ya msimu wa kuzaa" akiwa kwenye misitu yetu ajue kwa ndege wengi msimu wa kupumzika haupo kabisa.

Mchukue tiva. Watu wa Pwani wengi mnamjua kwa sikio hata kama hamjawahi kumuona vizuri, mgongo mweusi, kifua cheupe, anakaa ndani ya vichaka, na mlio wake unasikika kama wa ndege mmoja lakini mara nyingi ni wawili, dume anaanza kwa filimbi na jike anamalizia, wanapokezana kwa haraka hadi huwezi kujua nani ameishia wapi. Nilisimama na kikundi kimoja pembeni ya msitu, mwenye spika akawapigia tiva. Dume alitoka mara moja. Akaruka juu ya spika, akashuka chini, akaingia nyuma yake kutafuta, akapanda tena, manyoya ya kiunoni yamemsimama, mdomo wazi hata pale ambapo haimbi. Kamera zinalia kwa kasi kama bunduki. Wote macho kwake. Jike alikuwa kwenye tawi la pembeni, mdomoni ana kiwavi cha kijani kikubwa kinajipinda, na huyo ndiye nilishindwa kuacha kumtazama, manake kiwavi cha namna ile ndege hakibebi hivyo kwa ajili yake mwenyewe, angekuwa ameshakimeza. Kile kilikuwa cha makinda. Alikuwa anaelekea kwenye kiota. Akasimama pale, akitaka kujibu wimbo wa mumewe lakini mdomo umejaa, akiruka tawi hili kwenda lile, na kiwavi bado mdomoni, na spika bado inalia kwa sababu mmoja wetu picha zake zilikuwa zimetoka na kivuli. Nikaomba izimwe. Ikazimwa, kwa heshima tu, na mtu mmoja akaniambia "lakini si unaona wako sawa?"

Hapo ndo penye tatizo lote. Ndege hana namna ya kukuonyesha kwamba hayuko sawa. Haanguki, hatoki damu, ukiondoka anaendelea kuimba na wewe unarudi hotelini ukiamini hujafanya lolote. Madhara yanakuja baadaye na mahali ambapo hupo.

Kuna utafiti mmoja ambao ukiusoma hutashika spika vilevile tena. Huko Kanada, Daniel Mennill na wenzake walichukua madume wa ndege mdogo anayeitwa black-capped chickadee, wakawapigia sauti ya dume mgeni, wengine wakapigiwa mgeni mnyonge wakamshinda, wengine wakapigiwa mgeni mkali anayewakatiza kila wakiimba, yaani mgeni ambaye hashindiki kwa sababu ni mashine. Matokeo yalitoka 2002 kwenye jarida la Science. Majike walikuwa wanasikiliza. Wale madume wa hadhi ya juu walioshindwa na spika, wake zao walikwenda kutafuta madume wengine, na vifaranga waliozaliwa kwenye viota vyao, wengi zaidi hawakuwa wa kwao. Dakika chache tu za spika! Dume ambaye miezi yote alikuwa ameheshimika anapoteza uzazi wake kwa mpinzani ambaye hajawahi kuwepo.

Utafiti mwingine ulifanyika Ecuador, huu uliiga kabisa tunachofanya sisi watu wa ndege, Harris na Haskell walipiga sauti dakika tano halafu wakakaa saa nzima kuona ndege anafanya nini. Walichapisha 2013. Ndege wa aina mbili walibadilika, aina moja ilitumia muda mwingi zaidi kulia baada ya spika kuzimwa, ya pili majike walianza kuimba zaidi kuliko kawaida. Halafu makundi ya aina hiyo ya pili yakapigiwa kila siku, na baada ya siku 12 wakazoea, hawakujali tena. Watu wanaitumia hii kujitetea, wanasema si mnaona, wanazoea. Mimi naisoma kinyume. Ndege aliyezoea kupuuza sauti ya mvamizi, mvamizi wa kweli akija itakuwaje? Tumemfundisha kwamba kengele ya hatari haina maana. Na siku 12 za kwanza alizipoteza akipigana na hewa, ilhali kuna kula, kuna kulisha, na kuna kipanga anayesubiri ndege ajisahau kwenye tawi la wazi akiimba.

Sasa nije nyumbani. Arabuko-Sokoke, pale kati ya Kilifi na Malindi, ina kama kilomita za mraba 420 na ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki. Ndani yake kuna bundi ambaye watu wanapanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kumuona, bundi wa Sokoke, mdogo ajabu, gramu 50 hivi, anakaa kwenye ile sehemu ya msitu yenye udongo mwekundu na miti ya mfunda iliyosongamana. Wanasayansi walimfahamu 1965 tu na kumpa jina lake la kisayansi mwaka uliofuata. Ukimtoa hapo, ni sehemu chache sana anakojulikana, Tanzania kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki ni mojawapo. Mlio wake ni wa taratibu, noti moja inayorudiwa, inaweza kwenda kwa muda mrefu bila kuchoka. Wazee wengi hapa hawapendi kusikia bundi akilia karibu na nyumba, ni uchuro, na cha ajabu ndo huyohuyo sasa analeta ada za kiingilio na kazi kwa vijana wa Gede na Mida.

Msitu ni mkubwa lakini njia ni chache. Gari linapita palepale, watalii wanashuka palepale, na bundi wanaopigiwa sauti ni walewale walio karibu na barabara. Wale wa ndani kabisa hawajui spika ni nini, na jozi iliyo karibu na njia ndo inalipa kodi ya jozi zote. Wakija wageni jioni ya leo wanapigiwa, kesho kikundi kingine, keshokutwa mpiga picha peke yake anayetaka bundi ageuze shingo. Kila mmoja akisema "mimi nilipiga kidogo tu" anasema kweli. Ukijumlisha ndo unaona. Na hali ni hiyohiyo popote ambapo ndege adimu ana anwani inayojulikana, vile vipande vidogo vya misitu ya Taita Hills na kule Amani, Usambara Mashariki, sehemu ambazo eneo la ndege mmoja linaweza kuwa ndo sehemu kubwa ya kila kitu kilichobaki.

Na tusiwatupie lawama waongozaji peke yao, hapa lazima tuwe wakweli. Muongozaji anaishi kwa tipu. Mgeni amelipa hela nyingi, ana siku moja na nusu, ana listi iliyochapishwa na mistari nyekundu chini ya ndege anaowataka, na anauliza "where is it?" kabla gari halijasimama. Akikosa, kuna watakaoandika huko mitandaoni kwamba muongozaji hajui kazi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Spika iko mfukoni. Ninaowaheshimu zaidi ni wale waongozaji wa Sokoke wanaoweza kumpata yule bundi mchana bila sauti yoyote, wanajua jozi inapenda kulala wapi, wanaingia kichakani peke yao kwanza, polepole, wanakagua tawi kwa tawi wakiinama chini ya majani, halafu wanatoka wanakuita kwa mkono, unaingia na unawaona wawili wamekaa bega kwa bega wamefumba nusu ya macho, unatazama kidogo na darubini, unatoka. Ujuzi ule umechukua miaka. Spika inaufanya uonekane hauna kazi, kijana anayeanza leo anaona hana haja ya kujifunza wanakolala ikiwa anaweza kubonyeza, na hiyo kwangu ni hasara nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha.

Watu huniuliza, mbona wanadamu wamekuwa wakiita ndege tangu enzi? Kweli kabisa, na naipenda sana hoja hii kwa sababu ukiifuata vizuri inakufundisha kitu. Kule magharibi mwa Kenya, Waluo na Waluhya walikuwa na bado wana ufundi wa kunasa kware kwa kware, unamfuga dume kwenye kitenga, unakipandisha juu ya mti mrefu, anaita usiku na wenzake wanashuka kwenye mitego. Hakuna aliyejifanya kwamba hiyo ni mapenzi kwa kware, ilikuwa kitoweo na kila mtu alijua. Kule Cyprus leo wanaweka spika usiku kucha wakipiga sauti za ndege wadogo wanaohama ili wanase kwenye nyavu, ni haramu na inaua ndege wengi, na sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu ndege inataja kabisa rekoda kati ya vifaa vilivyopigwa marufuku kuwindia. Kifaa ni kilekile tunachobeba sisi. Tofauti ni kwamba sisi hatuna nyavu.

Lakini kuna mfano wa tatu na huu ndo naushikilia. Kuna yule ndege anayeongoza watu kwenye asali. Waborana wa kaskazini mwa Kenya wanamuita kwa mluzi mkali, na Mkenya Hussein Isack pamoja na mtafiti mwenzake Reyer walipima jambo hili wakachapisha 1989, wakaona kwamba kutafuta mzinga bila ndege kulichukua wastani wa saa 8.9 na kwa kuongozwa na ndege saa 3.2. Wayao wa Niassa huko Msumbiji wana mlio wao, mtetemo wa ulimi halafu mguno, na utafiti wa Claire Spottiswoode na wenzake wa 2016 ulionyesha mlio ule unapandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadza wa Tanzania wanapiga mluzi wa aina nyingine kabisa, na 2023 ikaonekana ndege wa kwa Wahadza wanaitika mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Kiyao. Yaani ndege amejifunza lugha ya watu wa kwao! Na kwa nini anaitika kizazi baada ya kizazi? Kwa sababu mtu akifika anapasua mzinga, anachukua asali, na ndege anapata nta na mabuu ambayo peke yake asingeyafikia. Sauti ile ni mwaliko wa kweli, na anayeitika anakuta alichoahidiwa. Hakuna haja ya kukataza wanadamu wasiite ndege. Tunapaswa kujiuliza anayekuja anakuta nini. Tiva wangu yule alikuta plastiki.

Kwa mizani hiyo naona hata watafiti wanaohesabu bundi kwa kupiga sauti siwapingi, wanapiga mahali kwa mahali kwa utaratibu, wanaondoka, na namba wanayopata inaweza kusaidia msitu usikatwe. Kule Maine, Marekani, Stephen Kress alitumia sauti na sanamu za ndege kuwarudisha membe kwenye kisiwa ambacho walikuwa wametoweka, na walirudi wakazaa. Ndege alidanganywa mwanzoni lakini alichokuta ni mahali salama pa kuzaa.

Na nakubali hoja moja ya wapinzani wangu, wanaosema bora sekunde chache za sauti kuliko watu kumi kuingia kichakani wakikanyaga mimea na pengine viota. Ni kweli. Ikiwa ni ndege wa kawaida, hayuko karibu na kiota, si sehemu ambayo kila gari linasimama, ukapiga mara moja, akajibu, ukazima palepale, mimi sitakushikia bango. Shida ni kwamba anayepiga akishaona ndege anajibu ndo kwanza anaongeza sauti, kwa sababu sasa anataka picha. Kujibu kwake kulitosha! Ndege akishajibu umeshajua yupo, kaa kimya, mara nyingi atapita mwenyewe kukagua na utamuona akifanya mambo yake.

Vilevile kuna ule mluzi wa kuiga bundi mdogo mwenye madoa, yule mwenye alama kama macho kisogoni, waongozaji wengi wa savana wanaupiga kwa mdomo na ndani ya muda mfupi mti unajaa chozi na shore na wengine wadogo, wote wamekuja kumzomea bundi ambaye hayupo. Inafurahisha, na wageni wanashangaa. Nauona mwepesi kuliko spika kwa sababu pumzi za mtu zinaisha na hausemi na ndege mmoja, lakini mwezi wa kiangazi ambao wadudu ni wachache, kuwatoa wote kwenye chakula chao kila gari likipita, tena mti uleule, si jambo la kufanya kwa mazoea.

Wenzetu wameshaweka mistari. Kwenye hifadhi za taifa za Marekani kuwapigia ndege sauti hairuhusiwi. Uingereza sheria yao ya 1981 inafanya kuwa kosa kusumbua ndege walio kwenye orodha maalumu wakiwa kwenye kiota, spika au hakuna spika. Kanuni za chama cha waangalizi wa ndege cha Marekani zinasema upunguze kutumia sauti, hasa mahali penye watu wengi na kwa ndege walio hatarini. Na xeno-canto wenyewe wamefungia rekodi za baadhi ya ndege wasipakuliwe hovyo. Sioni kwa nini kwenye geti la msitu wetu kusiwe na kibao kimoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, chenye majina ya ndege ambao hapa hawapigiwi sauti, na bundi wa Sokoke awe wa kwanza. Kibao kinamlinda muongozaji pia, mgeni akilazimisha anaonyeshwa, muongozaji hana haja ya kubishana na mtu anayemlipa.

Mpaka kiwekwe, sisi wageni wa ndani ndo tuanze. Mimi siku hizi namwambia muongozaji kwenye simu, kabla hatujakutana, kwamba kaka, spika iache nyumbani, tukimkosa tumemkosa. Kuna aliyenijibu kwa mshangao, "Kweli? Hutakasirika?" Halafu akanipangia kuamka mapema zaidi na kukaa sehemu moja badala ya kuzunguka na gari, na asubuhi ile aliongea zaidi, miti, nyayo, nani anakula tunda gani. Bundi hatukumpata. Tipu nilimpa ileile ambayo ningempa tungemuona, na namba yake ndo ninayowapa watu wakiniuliza waende Sokoke na nani.